Mjadala: Mwalimu aliyekwisha kusema "ndiyo" kwa shule moja, ana haki ya kwenda nyingine?

Mwanzisha mada

Ndugu walimu, na ninyi mnaoajiri walimu, naomba tulijadili hili bila kukwepana. Mwalimu amefanya usaili shule mbili. Ya kwanza imemjibu mapema, akakubali, akatia saini. Wiki tatu baadaye ya pili, ambayo ndiyo aliyoitamani tangu mwanzo, nayo inampigia simu. Muhula haujaanza. Abaki au ajitoe?

Nianze na msimamo wangu ili mpate pa kunikosoa. Wengi hubishana kuhusu siku ya kujitoa. Mimi naona kosa, kama lipo, lilitendeka siku ile aliposema ndiyo huku moyo ukisubiri simu nyingine. Siku hiyo shule ilifunga faili. Wasailiwa wengine waliambiwa nafasi imejaa. Aliyeshika nafasi ya pili, ambaye huenda angeifanya kazi hiyo kwa moyo wote, alipokea mahali pengine. Kwa hiyo mwalimu akijitoa, shule inajikuta pabaya kuliko ilipokuwa kabla ya kumsaili.

Nimekaa pande zote mbili za meza. Nilipokuwa mwalimu kijana nilikubali kazi nikiwa na nyingine kichwani, kisha nikajitoa siku nne kabla ya shule kufunguliwa. Sikuwaza zaidi ya barua niliyoiandika. Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu wa taaluma, nilitendewa vivyo hivyo, na somo lilikuwa lilelile, kemia. Ratiba nzima ya vipindi niliifumua usiku mmoja. Mwalimu wa biolojia alibebeshwa kemia ya darasa la mtihani juu ya mzigo aliokuwa nao, na sauti yake ilikauka kabla ya nusu muhula. Ndipo nilipojua barua yangu ya zamani ilimwangukia nani.

Basi hoja yangu ni hii: mwalimu aombe muda kabla ya kukubali, na akishakubali abaki. Mnasemaje?

Mwalimu wa hesabu, miaka sita kazini

Mwalimu wangu, shikamoo. Kwa heshima zote, napinga.

Muda wa kufikiri ni wa mwenye akiba. Mimi nilikaa miezi minane bila kazi. Shule ya kwanza iliyoniita ilitaka jibu siku ileile. Ningesema "nipeni wiki mbili" wangempa mwingine kabla sijafika mlangoni. Nilisema ndiyo kwa sababu kodi ya nyumba haingoji. Je, huo ni udanganyifu? Huo ni uhitaji, na aliyeniuliza aliujua.

Halafu tutazame upande wa pili. Shule ngapi zimemwita mwalimu akahama na mizigo yake, kisha akaambiwa idadi ya wanafunzi haikutimia, nafasi imefutwa? Hapo hakuna anayesema ahadi ni deni. Huambiwa ni hali halisi ya bajeti. Mimi sikubali deni ambalo mlipaji wake ni mmoja tu.

Na tusisahau hesabu kubwa. UNESCO inakadiria kwamba dunia itahitaji walimu wapya wapatao milioni 44 ili kila mtoto apate elimu ya msingi na sekondari ifikapo 2030. Walimu wamepungua kwa sababu wanaondoka, na wanaondoka kwa sababu wamekwama mahali wasipopataka. Mwalimu anayefundisha kwa kinyongo kwa sababu tu alitia saini, huyo naye ana faida gani darasani?

Mkuu wa shule mstaafu

Nyote wawili mmezungumza vizuri, wanangu, lakini mmeliacha suala la tarehe, na mimi naona tarehe ndizo zinazoamua.

England na Wales wana utaratibu wa zamani wa notisi za walimu, katika kitabu cha masharti ya kazi kinachoitwa Burgundy Book. Mwalimu anayetaka kuondoka mwisho wa mwaka wa masomo anatakiwa awe ametoa notisi kufikia 31 Mei. Kwa mihula mingine, tarehe ni 31 Oktoba na mwisho wa Februari. Faida yake ni kwamba shule zote zinatafuta walimu wakati mmoja, kwa hiyo aliyeachwa naye ana pa kutafuta. Jimbo la Texas, Marekani, linaruhusu mwalimu mwenye mkataba ajiuzulu bila adhabu hadi siku 45 kabla ya siku ya kwanza ya masomo. Akiondoka baada ya hapo bila sababu ya msingi anaweza kuadhibiwa, na akichelewa zaidi cheti chake cha ualimu kinaweza kusimamishwa. Ugonjwa mkubwa unahesabiwa kuwa sababu. Mshahara mnono hauhesabiwi.

Tazameni busara iliyomo humo: wameliacha swali la uadilifu, wakauliza kama bado kuna muda wa kupata mwingine.

Sheria haitamlazimisha mtu kusimama mbele ya darasa. Mwaka 1852 mwimbaji wa opera kutoka Ujerumani, Johanna Wagner, aliyeahidi kuimba katika ukumbi wa Benjamin Lumley jijini London, alivutwa na malipo makubwa zaidi ya ukumbi mwingine. Mahakama haikumlazimisha aimbe kwa Lumley. Ilimkataza tu kuimba kwingine kwa muda wa mkataba ule. Lumley akamshtaki pia mwenye ukumbi wa pili, Frederick Gye, kwa kumshawishi avunje mkataba, na mwaka 1853 mahakama ilikubali kwamba kosa la namna hiyo lipo kisheria.

Hili la pili ndilo ninalotaka mlitazame. Mbona hakuna aliyeigusa shule ya pili? Nimewasikia wakuu wenzangu wakimwambia mwalimu, "Waandikie tu, watapata mwingine." Mkuu wa namna hiyo anajua maumivu hayo kuliko mtu yeyote, na bado anamsukumia mwenzake.

Mzazi

Mimi si mwalimu. Binti yangu alipata walimu watatu wa somo moja katika muhula mmoja. Wa kwanza hakutokea kabisa. Wa tatu alipofika, mtoto alikuwa ameshaamua kwamba somo lile ni gumu na yeye hana kichwa chake. Sijui mkataba unasema nini. Najua hakuna aliyekuja kumweleza mtoto kwamba tatizo halikuwa yeye.

Mwalimu mgeni katika kazi

Naomba niulize kwa sababu ni mimi hasa. Nilikubali kwa simu. Barua ya ajira haijafika. Masomo yanaanza baada ya wiki kumi. Jana shule niliyoiota tangu chuo imeniita. Nifanye nini, walimu wangu?

Mwanzisha mada

Kwanza nimrudie mwalimu wa hesabu. Umenishinda kwenye jambo moja, nami nalikubali: nilizungumza kana kwamba kila mwalimu anaweza kuomba muda. Hawezi. Kwa hiyo wajibu wa muda nauhamishia kwa shule. Anayedai jibu papo hapo kwa mtu asiye na kazi anajitafutia ndiyo isiyo na mizizi, na hana haki ya kushangaa ikivunjika. Shule itoe siku tano au saba bila kuombwa. Lakini la kinyongo darasani silikubali. Nimeona walimu wengi waliofika shule wasiyoichagua, wakaipenda.

Mdogo wangu, wewe una wiki kumi. Hilo ni tofauti kabisa na siku zangu nne, na ukiniuliza mimi, unaweza kwenda. Ila usidhani kwamba kukosekana kwa karatasi kunakuweka huru. Mahali pengi ndiyo ya mdomo inatosha kufanya mkataba, kwa hiyo uliza kwanza sheria ya huko uliko. Usiifiche shule ya pili kwamba umekwisha kukubali kwingine. Hakikisha umepata uthibitisho wao kwa maandishi, kisha mpigie mkuu wa shule ya kwanza wewe mwenyewe, leo, siyo Ijumaa. Usimtume mtu na usijifiche nyuma ya ujumbe wa simu. Barua ifuate baadaye. Usizushe mama mgonjwa. Kama walikupa nauli au fedha ya kuhamia, irudishe kabla hawajaidai. Na kama unamjua mwenzako wa somo lako anayetafuta kazi, mtaje.

Mwalimu mgeni katika kazi

Nimepiga. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza swali moja tu: "Siku ile uliponiambia ndiyo, ulikuwa bado unawasubiri hao?" Nikamwambia ndiyo. Akasema ahsante kwa kutonidanganya, ngoja nimtafute aliyekufuata kabla naye hajaenda.