Mrejesho: NVDA na herufi H iliyogoma baada ya kubadili kivinjari

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini NVDA, programu inayotusomea skrini kwa sauti sisi tusioona, inaruka vizuri kutoka kichwa kimoja cha habari hadi kingine nikibonyeza H kwenye kivinjari changu cha zamani, ila kwenye kipya haisogei.

Asanteni sana, hasa aliyeniambia nisikilize kabla ya kubonyeza. Kumbe kosa halikuwa la kivinjari. Ukurasa ukifunguka ulinitupa moja kwa moja kwenye kisanduku cha kutafutia, NVDA ikahamia hali ya kuandika, ambapo herufi zinaandikwa tu badala ya kuwa amri, na kile kisauti kifupi cha kunijulisha nilikuwa nakipuuza. Niliporudi kukagua kisanduku nikakuta "hhhhhh". Nilicheka mwenyewe!

Sasa nabonyeza Escape kwanza, au Insert na Space, halafu H inaruka vichwa, K viungo, F sehemu za fomu. Insert na F7 ndiyo imenikosha zaidi: inaleta orodha ya viungo na vichwa vyote, naandika herufi chache nafika. Vivinjari vyote viwili sasa vinaenda sawa.

Ushauri wa kufuta kivinjari na kukiweka upya niliufuata pia. Haukusaidia kitu, msijisumbue.

Kilichobaki ni kalenda ya kuchagua tarehe kwenye fomu moja. Kila siku inasomwa "kitufe" tu, bila namba, kokote nikifungulia. Hapo nadhani mwenye tovuti hakuvipa vitufe majina. Nimemwandikia, kwa sasa naomba mtu anijazie tarehe.