Mjomba hapigi kura safari hii

Mjomba Hamisi: Wanangu, safari hii mimi sipigi kura. Kura moja kati ya mamilioni itabadili nini?

Zuhura: Shikamoo mjomba. Kwa kura moja kuamua mshindi, kweli ni nadra mno. Hata jimbo la Florida, uchaguzi wa urais wa Marekani mwaka 2000, kati ya kura karibu milioni 6, Bush alimpita Gore kwa 537. Ila wanaobaki nyumbani mara nyingi ni vijana na wenye kipato kidogo. Mgombea anajua nani hufika kituoni na nani hafiki. Ahadi zake anazielekeza kwa wanaofika.

Shangazi Mwanaidi: Hapo hapo!

Mjomba Hamisi: Marahaba Zuhura. Endelea.

Zuhura: Australia mwaka 1922 waliojitokeza hawakufika 60%. Mwaka 1924 wakatunga sheria ya kupiga kura kwa lazima, na 1925 wakavuka 91%.

Idi: Mimi kulazimishana sikupendi. Na hata tujae wote, wapigakura tunasahau upesi. Serikali inalala miaka yote, uchaguzi ukikaribia barabara inachongwa, mishahara inapanda, tunashangilia. Watafiti wameliona hili nchi mbalimbali, miezi ya mwisho inapewa uzito kuliko muhula mzima.

Mjomba Hamisi: Sasa si unaniunga mkono mimi?

Idi: Hapana mjomba. Nasema tuandike. Kaahidi nini, lini, kafanya nini. Kisha twende kituoni na karatasi hiyo kichwani.

Shangazi Mwanaidi: Sikilizeni. Uchaguzi haukuhakikishii kiongozi bora. Unakupa njia ya kumtoa aliyepo bila kumwaga damu, na hilo ni kubwa sana. Gambia 2016 walipiga kura kwa gololi. Unakuta mapipa yamepakwa rangi, kila mgombea na lake. Unadumbukiza gololi yako, kengele inalia ndani. Ikilia mara mbili, waliopo nje wanajua umezidisha. Hata asiyejua kusoma hakosei. Rais wao Jammeh alitawala tangu 1994, gololi zikamng'oa.

Idi: Si gololi peke yake, shangazi. Alikubali kushindwa, baada ya siku chache akageuka. Hakuondoka mpaka majeshi ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, yalipoingia, Januari 2017.

Shangazi Mwanaidi: Sikatai. Lakini hao ECOWAS wangesimamia nini kama watu wangebaki majumbani? Barrow, mpinzani aliyemshinda Jammeh, alikuwa na matokeo yaliyokwisha kutangazwa. Bila hayo angekuwa mlalamikaji tu.

Mjomba Hamisi: Hayo ya gololi mazuri, ila lililoniingia ni lile la Zuhura. Kumbe nikikaa nyumbani nawasaidia walewale wasionisikiliza.

Zuhura: Ndivyo ninavyoona mimi, mjomba.

Mjomba Hamisi: Wa ubunge ninaye. Wa urais bado simwoni.

Shangazi Mwanaidi: Mpigie huyo wa ubunge basi, kaka. Bunge ndilo linalopitisha bajeti na sheria.

Mjomba Hamisi: Uhakiki wa daftari unafungwa lini?

Zuhura: Ijumaa. Nakupitia asubuhi, usisahau kitambulisho.