Toyota IST yangu ina kilomita 148,000: oili ya gia boksi nibadilishe au niiache? Na nikabadilishie wapi?

MamaD_Kimara

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada, nimeshachanganywa vya kutosha.

Nina IST ya 2004, injini 1NZ, nimeinunua mkononi kwa mtu. Inatembea vizuri. Kitu pekee ninachokiona ni asubuhi ikiwa bado ya baridi: nikitoa P (ya kuegesha) kuingiza R (ya kurudi nyuma) inashtua kidogo. Ikishapata moto hali hiyo haipo. Ruti yangu ni Kimara–Posta, na foleni ya Ubungo mnaijua, naweza kukaa kwenye D mguu ukiwa kwenye breki mpaka ganzi inaingia. Aliyeniuzia hajui kama oili ya gia boksi iliwahi kubadilishwa. Au anajua na hasemi.

Fundi wangu wa hapa mtaani, ambaye injini hii anaijua vizuri tu, amesema nisithubutu: gia boksi ya oto (inayojibadilishia gia yenyewe) ukiigusa oili, inakufa. Nikaenda gereji moja kubwa yenye mapokezi na kiyoyozi. Wao wanataka kuisafisha kwa mashine, laki tatu na nusu, kwa oili yao, na mteja haingii ndani. Halafu kuna kijana wa sheli ninapojazia mafuta, yeye anasema elfu themanini, nusu saa nimeondoka, oili "ya oto zote".

Hela ya kubadilisha oili ninayo. Ya kununua gia boksi nyingine sina. Nimsikilize nani?

Kibajaji_Mstaafu

Dada achana nayo kabisa. Shemeji yangu alibadilisha ya Noah yake, haikuchukua muda gari ikawa inavuma tu haiendi. Aliyelala usimwamshe.

SpanaKumi

Kibajaji, muulize shemeji alibadilisha kwa sababu gani. Nakuhakikishia gia ilikuwa imeshaanza kuteleza. Magari ya namna hiyo nayapokea sana hapa Tabata: mtu anaikumbuka oili ya gia boksi siku gari inapokataa kupanda mlima.

Ndani ya oto kuna klachi nyembamba zilizopangana, zimebandikwa kitambaa kinachoshika. Kitambaa kinalika taratibu na unga wake unabaki unaelea kwenye oili. Klachi zikishaisha, ule unga mchafu ndio unaozisaidia kushika. Ukimwaga oili chafu ukaweka mpya iliyo safi na laini, msaada unaondoka na mtelezo unajitokeza wazi. Oili mpya haikuua gia boksi. Ilikuta maiti. Kwa hiyo dada, fundi wako hakudanganyi, hayo ameyaona kwa macho yake. Ila hatofautishi gari inayoteleza na gari nzima, na yako kwa maelezo yako ni nzima.

Kushtua asubuhi kusikutishe sana. Injini ya baridi inazunguka juu zaidi, ukiingiza R wakati huo lazima igonge kidogo. Subiri mzunguko ushuke kwanza. Ikiendelea, angalia maunti za injini (raba zinazoishikilia) kabla ya kuisingizia gia boksi.

Sasa kabla ya gereji yoyote, fungua boneti. IST ya umbo la kwanza ina stiki ya gia boksi (kijiti cha kupimia oili yake), shukuru Mungu, magari mengi ya kisasa hayana. Tembea mpaka gari ipate moto sawasawa, simama pa tambarare, injini ikiwa inawaka. Mguu kwenye breki, pitisha lever gia zote ukikaa kidogo kila moja, rudisha P. Chomoa stiki, ifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, rudisha, chomoa tena. Soma alama za HOT, si COOL. Halafu dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe na unuse.

Nyekundu au kahawia ambayo bado inapitisha mwanga, badilisha bila hofu. Nyeusi yenye harufu ya kuungua, na gari inachelewa kushika gia, hapo ndipo namuunga mkono fundi wako: iache, anza kuweka akiba. Na ukiona kama juisi ya stroberi iliyotiwa maziwa, usiwashe tena gari, ita breakdown, gari la kuvuta. Hayo ni maji ya rejeta yameingia. Oili ya gia boksi inapoozewa kwenye kijibomba kilicho ndani ya rejeta, na sisi Dar tunajaza maji ya bomba miaka nenda rudi badala ya kulanti (maji maalumu ya rejeta yasiyoleta kutu), kijibomba kinaoza. Gia boksi nyingi zinakufa kwa maji kuliko watu wanavyodhani.

Kuhusu ile kauli ya watu kwamba oili ya gia boksi haibadilishwi milele: BMW ndio walioitangaza sana hiyo habari. Lakini ZF wa Ujerumani, wanaowatengenezea gia boksi, wao wanasema ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au miaka 8. Mtengenezaji mwenyewe anasema ibadilishwe, mimi nani nimbishie? Na foleni ya Ubungo unayoisema ni moto mtupu kwa oili.

Xtrail_wa_Dom

Naongeza moja kwa wengine watakaosoma: hiyo "oili ya oto zote" ikimbieni. Nissan X-Trail yangu ni T31, ina CVT (aina ya oto isiyo na hatua za gia), inataka oili ya aina ya NS-2. Gereji moja hapa Dodoma wakanijazia ATF (oili ya gia boksi za oto) ya kawaida, nyekundu, eti zote zinafanana. CVT haina hizo klachi za kupanda gia, ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na oili ndiyo inayoufanya ushike bila kukwanguana. Nilianza kusikia mlio kama wa siren mbali, kisha gari ikakataa kuzidi 60. Nimenunua CVT nyingine ya mtumba, bei sitaki hata kuikumbuka.

Wenye IST za umbo la pili, zilizoanza 2007, angalieni kwanza, nyingine zina CVT.

MamaD_Kimara

Asanteni sana. Nimefanya kama ulivyosema mzee SpanaKumi, mwanangu ameshika tochi. Oili ni kahawia, kwenye karatasi imetawanyika na ukingo una wekundu kwa mbali. Harufu ya kuungua hakuna. Kipimo kiko ndani ya HOT. Kwenye stiki pameandikwa aina ya oili, T-IV. Lakini duka moja Kariakoo wamenipa aina nyingine, WS, wanasema ndiyo mpya na bora zaidi.

SpanaKumi

Rudisha. WS ni nyepesi kuliko T-IV na Toyota wenyewe wanakataza kuzibadilishana. Stiki ikisema T-IV, weka T-IV. Nunua kopo la lita 4 lililofungwa, kifuniko hakijaguswa. Za kupimiwa kwenye chupa za maji usipokee hata kwa bure.

Mashine ya laki tatu na nusu mimi siipendi kwa gari isiyojulikana historia yake. Inasukuma, na uchafu uliokuwa umetulia chini unaweza kwenda kukaa kwenye valvu. Mwaga kwa nati ya chini, kwa uzito wake. Zitatoka kama lita tatu, nyingine kama hizo zinabaki ndani, hasa kwenye konveta (kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi). Hiyo siyo hasara, unaichanganya taratibu. Tembea mwezi au miwili, rudia, na mara ya tatu tena. Mara ya kwanza una nusu mpya, ya pili robo tatu, ya tatu karibu 88 kwa mia. Gia boksi haishtuki na wewe hela hujaitoa kwa mkupuo.

Mahali pa kufanyia? Palepale kwa fundi wako wa mtaani, mradi uko pembeni unaona. Kilichotoka kipimwe kwenye chombo, kiingie kiasi kilekile, kisha stiki ithibitishe. Ikizidi nayo ni ugonjwa, inatoa povu. Mara hii ya kwanza afungue na sampo (bakuli la oili lililo chini ya gia boksi). Ndani kuna sumaku: zikiwa na unga laini wa kijivu, ni kawaida, azifute. Mkikuta vipande vya chuma vinavyong'aa, piga picha uniwekee kwenye uzi huu kabla hajafunga.

MamaD_Kimara

Amekubali, ila anataka nimwandikie kwamba gia boksi ikifa nisimdai 😂

SpanaKumi

Mwandikie. Halafu nunua gasketi mpya ya sampo umpelekee, na umzuie kupaka silikoni nyingi kama walivyozoea. Ile inayojibana kwa ndani inamenyeka na kwenda kuziba filta.