Hakuna kibali cha kuwinda nyati Kenya!! Mabroka wa Nairobi wacheni kuuzia wageni karatasi feki

Wadau, naandika hii nikiwa na hasira na sitaficha. Kuna watu hapa Nairobi wanauza vibali vya kuwinda wanyama wakubwa kwenye mbuga za serikali. Nyati, pofu, hata chui. Wanakwambia nafasi ni chache, lipa diposti leo, kesho zimeisha. Sasa nataka hii iingie kwa kila mtu. Kenya hakuna kibali kama hicho. Si kwa mzungu, si kwa Mkenya, si kwa tajiri, si kwa mtoto wa waziri. Uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku 1977, Mzee Jomo Kenyatta akiwa bado rais, na mwaka uliofuata wakafunga mpaka biashara ya ngozi na pembe madukani.

Mimi ni dereva wa safari, nabeba wageni kutoka erpoti ama hoteli tunaenda Nakuru, Amboseli, Tsavo, Mara. Juzi nikapewa kazi ya mgeni Mmarekani, mzee mstaafu, mtu mpole sana, tena mwenye heshima, ananiita "sir" kila mara mpaka nikaona haya. Nimemkuta hapo risepsheni ameshika bahasha ya plastiki kama mtu ameshika cheti cha kuzaliwa, kabla hata hatujapakia mizigo ananiuliza bunduki tunaichukulia wapi. Nikamuuliza bunduki ya nini mzee wangu? Akafungua bahasha.

Hiyo karatasi niliiangalia vizuri. Juu kuna nembo ya serikali, lakini imevutwa mpaka wale simba wawili wamekuwa wembamba kama paka wa mtaani. Chini yake jina la mnyama, nyati dume mmoja, na mahali ni Tsavo West, mbuga ya taifa kabisa, si shamba la mtu. Muhuri wa wino wa zambarau. Na hapo juu kabisa ofisi iliyotoa kibali ni ile idara ya wanyamapori ya zamani iliyokuwa chini ya wizara, ile ambayo KWS, shirika la serikali la wanyamapori, iliundwa 1989 kuchukua nafasi yake! Yaani idara imekufa zaidi ya miaka 30, bado inatoa vibali River Road, mtaa wa hapa Nairobi. Na malipo yote yalitumwa kwa nambari ya simu ya mtu binafsi, hakuna akaunti ya serikali, hakuna risiti, ni "nimeipata asante sana karibu Kenya".

Kuna mtu atasema huyo mzungu ni mjinga. Hapana, na hapo ndio mnaniudhi. Huyo mzee alinieleza vile kwao inaenda na nikaelewa kwa nini aliamini. Kwao hicho kitu kipo. Kule Wyoming kuna mbuga ya taifa inaitwa Grand Teton, sheria ya 1950 iliyoiweka inaruhusu wawindaji wenye leseni kusaidia kupunguza elk, wale kulungu wao wakubwa, idadi ikizidi. Na 2021 kule Grand Canyon walitaka kupunguza baisani, yale manyama makubwa yenye nundu, wakatangaza wanatafuta watu 12 wa kujitolea wenye shabaha. Wakaomba zaidi ya watu 45,000 kwa siku mbili tu, wakachaguliwa kwa bahati nasibu. Sasa mtu ametoka nchi kama hiyo, kila mwaka anajaza fomu ya bahati nasibu na jina lake halitoki, halafu anaona tangazo kutoka Nairobi linaongea lugha ile ile anayoijua, nafasi chache, maombi yanafungwa ijumaa, ada ya fomu hairudishwi. Kwani wewe ungeshuku nini? Hao mabroka wamesoma vile mambo yanaenda huko, wakanakili, wakabadilisha jina la mnyama na jina la mbuga. Ni wezi wenye akili, na hiyo akili wangeitumia kwa kazi halali wangekuwa mbali.

Alafu wanachanganya na Tanzania makusudi. Ndio, Tanzania uwindaji wa kitalii ni halali, lakini huko pia si ati unaingia mbuga ya taifa na bunduki. Inafanywa kwenye vitalu, yaani maeneo ya uwindaji yaliyogawiwa kampuni, mapori ya akiba na maeneo mengine yaliyotengwa, unaenda na kampuni yenye kitalu na mwindaji bingwa mwenye leseni. Serengeti yenyewe ndani huwindi. Na hata hivyo si mnakumbuka kelele za 2023 na 2024, wale ndovu wakubwa wa pembe ndefu wanaotembea kati ya Amboseli na upande wa pili wa mpaka waliuawa huko na wawindaji wenye vibali halali, na watafiti waliowafuata hao wanyama miaka na miaka wakalia sana. Mimi nilishawaonyesha wageni madume wa Amboseli, mgeni ananyamaza kabisa, anasahau hata kupiga picha. Kwa hivyo kuna ubishi mkubwa hata pale penye sheria inaruhusu. Sasa wewe wa Nairobi unauza nyati wa Tsavo upande wa Kenya, wa sheria gani?

Nilipompigia huyo broka kwa simu ya mgeni, alinishikia sauti kubwa. Ati mimi ni dereva tu sijui mambo, ati sheria ilibadilishwa, ati hii si uwindaji ni "kuvuna". Wacha niseme. Uvunaji wa wanyama kwa ajili ya nyama ulikuwepo kama majaribio kwenye ranchi za watu binafsi, sehemu kama Laikipia na Machakos, na ulisimamishwa 2003. Haukuwa ndani ya mbuga ya taifa. 2004 bunge likapitisha mswada ambao ungefungua mlango wa uwindaji tena, Rais Kibaki akakataa kutia sahihi. Na sheria ya 2013 inataja uwindaji wa burudani kama kosa, jina lake liko hapo, na ilipotoka ukiua mnyama aliye hatarini kama ndovu au kifaru ulikuwa unaangalia faini isiyopungua shilingi milioni 20 ama kifungo cha maisha. Nilimwambia hayo yote. Akakata simu. Baadaye akamblok mzee wa watu.

Na hii nchi imechoma pembe za ndovu hapa hapa kwa mbuga ya Nairobi, Moi akachoma tani 12 mwaka 1989, Uhuru akachoma tani 105 mwaka 2016, dunia nzima ikiona. Pesa zote hizo zikawa moshi ndio mtu yeyote asifikirie tunauza. Halafu mtu na laptop yake mtaani anauza kichwa cha nyati kwa diposti.

Sasa fikiria ile sehemu yetu sisi madereva. Tuseme sikuangalia hiyo karatasi na kuna bunduki imekodishwa kweli, tumefika geti la Mtito Andei, afande anafungua buti. Nani analala ndani? Mgeni ana ubalozi. Mimi nina vani ya mkopo na watoto wawili shuleni. Vani inakuwa kielelezo mahakamani, inaoza uani mwa polisi miaka miwili, kesi inaendelea, benki haijui hayo inataka pesa yake mwisho wa mwezi. Hao mabroka huwa hawaendi getini. Hawajawahi kukanyaga Tsavo.

Nilijaribu kuripoti. Ofisi ya kwanza wakanituma ya pili, ya pili wakasema hii ni maneno ya ulaghai wa simu niende ya tatu, ya tatu wakaniambia mlalamikaji lazima awe mwenyewe, na mwenyewe alikuwa anaruka usiku ule ule kurudi kwao na aibu yake na pesa zake zimeenda. Nikauliza basi chukueni hata picha ya hicho kibali na ile nambari ya simu, kijana wa dawati akaniangalia tu. Ile nambari bado iko hewani, nimeangalia leo asubuhi, picha ya profaili ni simba.

Lakini wale wameniuma zaidi ni wetu. Kuna madereva wenzangu na watu wa risepsheni wanaojua hii biashara vizuri na wanapewa kamisheni kila wakileta mgeni anayependa bunduki. Wameniambia wazi, "mzungu ana pesa, wewe inakuwasha nini". Inaniwasha juu huyo mgeni akirudi kwao haandiki jina la broka, hamjui. Anaandika Kenya. Anaandika Nairobi. Anawaambia jamaa zake wote kule kanisani kwao msiende huko mtaibiwa, na hao jamaa ndio walikuwa wateja wangu wa mwaka ujao, na wako pia wewe uliyekula kamisheni.

Kwa yeyote anasoma hii akiwa na mgeni ama ndugu ng'ambo aliyetumiwa ofa kama hiyo: kuingia mbuga za KWS unalipa kupitia eCitizen, ile tovuti ya serikali, na unalipia kuangalia wanyama, kulala, kupanda gari, mambo kama hayo. Huduma ya kuua mnyama haiko. Ukiwa na shaka yoyote makao makuu ya KWS yako Lang'ata Road, ingia uulize na hiyo karatasi mkononi, usitume hata shilingi moja kwanza. Na mgeni akitaka kuwinda kweli kweli mwambie ukweli kwamba si Kenya, aende kwenye nchi zinazoruhusu na apitie kampuni yenye leseni ya huko.

Wale madereva mmekutana na hizi karatasi, wekeni picha hapa chini, fichieni jina la mgeni lakini ile nambari ya malipo iacheni ionekane. Nataka nijue kama ni mtu mmoja anazunguka ama ni kikundi, juu muhuri wa zambarau niliambiwa na jamaa wa Westlands ameuona pia, na karatasi yake ilikuwa ya mbuga ya Meru.