Naomba ushauri: programu ya kukadiria mmomonyoko kwenye malisho, Malindi

Salamu ndugu zangu. Niko Malindi, na familia yetu ina malisho ya mbuzi na ng'ombe upande wa Marafa. Anayeijua Nyari, lile korongo kubwa la Marafa, ameshaona maji yanavyoweza kuuchonga mchanga ule. Masika yakianza, mto Sabaki huiteremshia bahari udongo mpaka maji yanakuwa rangi ya chai ya maziwa, nami najua sehemu yake imetoka kwetu.

Nilianza na USLE, kanuni ya hesabu ya kukadiria udongo unaopotea kwa mmomonyoko, lakini hiyo ilitokana na vipimo vya mashamba ya mazao Marekani. Sisi hatulimi, tuna vichaka, nyasi za kubahatisha na njia za ng'ombe. Nikahamia RHEM, programu ya kompyuta iliyoundwa kwa ajili ya malisho hasa. Yenyewe inataka aina ya udongo, urefu na ukali wa mteremko, na asilimia ya ardhi iliyofunikwa na nyasi, majani makavu na mawe. Hayo nimepima kwa kamba na miguu yangu.

Nimekwama kwenye mvua, maana programu inahitaji kujua pia mvua ilinyesha kwa nguvu gani. Kipimo changu kinanipa jumla ya siku tu, na milimita 40 za nusu saa si sawa na 40 za kutwa nzima. Je, nikichukua takwimu za kituo cha hali ya hewa cha Marekani chenye mvua inayokaribiana na yetu, nitakuwa najidanganya? Na yale makorongo yanayoanzia kwenye njia za mifugo, niyahesabu kando? Aliyewahi kufanya kazi hii pwani anisaidie, hata kwa kunikosoa.