MREJESHO: Tovuti yangu ya Sembène sasa inafunguka vizuri

Wakuu habari za muda. Mwezi uliopita niliomba msaada hapa, tovuti yangu ya mashabiki wa Ousmane Sembène, yule mzee wa Senegal mwongozaji wa filamu, ilikuwa inafunguka kwa shida sana kwenye simu halafu kampuni inayoihifadhi ikanipa onyo kwa ajili ya picha za mabango ya filamu zake nilizopakia bila ruhusa. Asanteni sana jamani, mlinisaidia mno.

Kupunguza ukubwa wa picha ndo kumeniokoa, nilikuwa napakia za MB 4 kila moja, nikazishusha hadi chini ya KB 200 na sasa ukurasa unafunguka fasta hata mtandao ukiwa mbovu. Na yule aliyesema nipange filamu kwa miaka, nimefanya, inaanza Borom Sarret ya 1963 inaishia Moolaadé ya 2004, ila Mandabi ya 1968 nimeiandikia kirefu zaidi maana pale ndo alileta Kiwolof, lugha ya huko Senegal, kwenye filamu ndefu badala ya kutegemea Kifaransa, kwangu mimi huo ndo moyo wa kazi yake.

Kilichogoma ni ruhusa ya mabango. Nimetuma barua pepe tatu, majibu hamna, kwa hiyo nimeyatoa yote nimebaki na maelezo tu na picha nilizoruhusiwa, imeniuma kweli.

Bakapu nafanya kila Jumapili kama mlivyosema, nakala moja kwenye kompyuta nyingine kwenye fleshi.