Ushauri: nafanya mazungumzo na wasanii, nawatoaje kwenye "changamoto ni nyingi"?

Wakuu habari za saa hizi. Nina podikasti ndogo hapa Dar, naongea na waandishi, watu wa filamu na waigizaji kuhusu kazi zao, skendo sitaki. Shida ni kwamba mtu akifika anapiga stori nzuri kabisa, nikianza kurekodi tu anageuka, "changamoto ni nyingi, namshukuru Mungu, nawapenda mashabiki zangu", muda unaisha sijajua hata skripti yake ya kwanza aliiandikaje wala alilipwaje. Mimi nataka kijana aliyeko Kahama anaandika kwenye daftari asikilize aelewe hii kazi inafanyikaje. Karibuni namrekodi mama mmoja wa enzi za michezo ya redio na sitaki nimharibu. Naulizaje?

Fundi_Mitambo: Kijana, tatizo ni maswali. Ukimuuliza mtu "ulianzaje sanaa" anakupa jibu analompa kila mtu. Huyo mama muulize mvua na mlango unaofungwa walivitoleaje sauti studio, skripti walikabidhiwa lini, maiki moja walisimama wangapi, akikosea mmoja walirudia wote au vipi. Akishaanza kukumbuka hayo wewe kaa kimya. Na maiki aikute mezani tangu anaamkiwa na kunywa chai, aizoee.

BintiNgambo: Soma kazi ya mtu kabla hujamwita jamani. 2021 Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, alipopata Nobel ya fasihi watu mitandaoni walibishana wee kama ni Mtanzania au Mwingereza, wa kuuliza anaandikaje wachache mno. Mzee amefundisha chuo kikuu cha Kent, Uingereza, miaka na miaka huku anaandika, hapo tu mwandishi anayetaka kuacha kazi ana cha kujifunza. Riwaya yake moja ipo kwa Kiswahili tangu 2022, Peponi. Halafu ZIFF, lile tamasha la filamu la Zanzibar, ikifika njoo Unguja, watu wa filamu utawapata Ngome Kongwe wametulia.

mzee_wa_point: Watu wanataka skendo mkuu, hayo ya skripti hupati viewers.

Kariakoo_Old: Si kweli. Muite prodyuza yeyote wa kipindi cha DVD akueleze kuuza masta, uone kama watu hawatasikiliza. Msambazaji anakupa hela mara moja, filamu inakuwa yake, ikiuzwa mpaka Kongo, ikirushwa kwenye kingʼamuzi, wewe huna chako. COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, ipo kwa sheria ya 1999 lakini wengi walisaini karatasi bila kuisoma, na inawauma mpaka leo, wanaogopa tu kutaja majina. Mwambie mapema majina utayakata, halafu usiulize "ulilipwa ngapi", uliza mkataba ulisemaje.

Njoro_254: Hata huku Nairobi, wale wasee wa Riverwood, zile filamu za bajeti ndogo za River Road, wana story kama hizo. Mimi huwa naenda mahali mtu anafanyia kazi, editor akiwa kwa mashine yake anakuonyesha scene yenyewe na anasahau kama unarekodi.

Mleta uzi: Asanteni sana, ya mvua na mlango nimeiandika. Swali la mwisho, huyo mama nimlipe? Bajeti sina.

BintiNgambo: Nauli ya kwenda na kurudi lazima, usimpandishe daladala mtu mzima. Na mpelekee nakala ya sauti kwenye simu ya mwanawe kabla hujairusha, akisema hapa toa, toa.

Fundi_Mitambo: Na umuulize kama ana skripti yoyote kaiweka kabatini. Akiwa nayo omba uipige picha hapohapo, kila ukurasa.